UZI: Mota za roboti ndogo za mapambano – kwa nini zinaungua, zinavyopimwa na zinavyofufuliwa

#1 Kombamwiko

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tuchambue mota za roboti za mapambano za daraja dogo, lile ambalo Marekani kikomo chake ni pauni 3 (kilo 1.36) na Uingereza kilo 1.5. Roboti iko hivi:

Silaha ni diski ya chuma iliyosimama wima, kipenyo mm 130, gramu 250, imefungwa moja kwa moja kwenye mota ya brashlesi (isiyo na kaboni) saizi 2836, Kv 1500 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti, bila mzigo). Betri ni LiPo 4S (seli nne mfululizo), ESC (kifaa kinachoilisha na kuiongoza mota) ni ya ampea 40. Matairi ni ya mm 50, yanaendeshwa na mota mbili za kaboni zenye giaboksi ya mm 22, RPM (mizunguko kwa dakika) 1000 kwenye shafti ya kutokea.

Tatizo la kwanza: tangu diski ipate kipigo kizito, mota ikiwashwa inatetemeka na kulia "krrr", mara inashika, mara inakataa. Ikishika, nusu dakika haipiti inanuka varnishi (ile rangi inayofunika nyaya za shaba za koili). Hata kabla ya kipigo ilikuwa inachelewa kufika kasi na ikitoka hapo ni ya moto.

La pili: roboti ikienda mbele inavuta kushoto.

Ninunue mota kubwa zaidi, au hii inatengenezeka?

#2 MzeeWaKoili

Kombamwiko, usinunue kitu kwanza. Silaha yako ina magonjwa mawili tofauti, na ukiyachanganya utaunguza hata hiyo mota mpya. Kutetemeka ni ugonjwa wa muunganisho, huo utapimwa. Harufu ya varnishi ni ugonjwa wa hesabu, na ulikuwepo tangu roboti inachorwa.

4S ikijaa ni volti 16.8. Zidisha kwa Kv 1500, unapata RPM 25,200. Kwa kasi hiyo ukingo wa diski ya mm 130 ungekwenda mita 171 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 600 kwa saa. BattleBots, shindano la Marekani ambako roboti zina pauni 250, kikomo cha ncha ya silaha ni maili 250 kwa saa, kama kilomita 400. Mota yako imetumwa mbali kuliko inakohitajika kufika, na inalipia safari nzima.

Malipo yenyewe ndiyo haya. Ukiipa mota umeme wote wakati diski imesimama, mpaka diski ifike kasi yake, joto linalopotea kwenye ukinzani wa njia nzima ya umeme linalingana na nishati iliyoingia kwenye diski. Jouli moja inakwenda kwenye diski, jouli moja inakuwa joto. Joto hilo linagawanywa kati ya mota, nyaya, ESC na betri kufuatana na ukinzani wa kila kimoja, na mota kwa kawaida ndiyo yenye fungu kubwa.

Diski yako ina hali-inesha (ukaidi wake wa kuzungushwa) ya karibu 0.00053 (kilo mara mita za mraba). Kwa RPM 25,200 inabeba jouli 1,840 hivi. Sasa angalia shaba iliyomo ndani ya mota ya saizi hiyo: chukua gramu 20. Gramu 20 za shaba zinapanda sentigredi moja kwa kila jouli 7.7. Hata nusu tu ya zile jouli 1,840 zikibaki kwenye shaba, imepanda sentigredi 119 kwa kuwashwa mara moja. Pambano mara nyingi ni dakika 3, na kila kipigo kinachosimamisha diski kinaanzisha safari upya. Varnishi itanuka tu.

Punguza kasi ya diski iwe nusu, RPM 12,600, nishati inashuka hadi robo: jouli 460. Joto nalo robo. Ncha bado inakwenda kilomita 309 kwa saa, na hiyo inatosha kabisa kumng'oa mtu tairi.

#3 Bisbisi

Mzee, shikamoo. Hapo nina swali. ESC ni ya ampea 40. Haitaruhusu mkondo wote wa kukwama (unaopita mota ikiwa haizunguki) upite, kwa hiyo hesabu ya jouli kwa jouli inasimama vipi?

#4 MzeeWaKoili

Marahaba. Swali zuri, na linagusa kosa linalounguza ESC nyingi. Ile 40 iliyoandikwa juu ya ESC ni kiasi inachoweza kuvumilia. Si geti linalozuia. ESC nyingi ndogo hazina kizuizi halisi cha mkondo. Mota hii ukinzani wake kati ya waya na waya utakuwa kama omu 0.06. Gawa 16.8 kwa 0.06, mkondo wa kukwama ni ampea 280. Kinachozuia usifike huko ni udhaifu wa betri, nyaya, na programu ya ESC inayoanza taratibu.

Tuseme umeubana kweli usizidi 40. Torki (nguvu ya kuzungusha) kwa kila ampea ni 9.55 gawa kwa Kv, yaani 0.0064 Nm. Ampea 40 zinatoa 0.255 Nm, na diski yako itahitaji sekunde 5.5 kufika juu. Joto kwenye mota ni 40 mara 40 mara 0.06, wati 96, kwa sekunde 5.5 ni jouli 530 hivi. Kwa hiyo hali halisi ipo kati ya 530 na 1,840 kulingana na unavyosukuma kijiti cha rimoti. Ukisukuma kwa sekunde mbili tatu badala ya kukipiga chote mara moja, unaokoa mota bila kutumia hata shilingi.

Weka puli za 1 kwa 2 uone. Torki kwenye diski inakuwa mara mbili, kasi ya mwisho nusu, muda unashuka kutoka sekunde 5.5 hadi 1.4. Mpinzani hakusubiri sekunde tano.

#5 DadaVolti

Mzee kamaliza upande wa hesabu. Mimi nakuja na vipimo, kwa sababu "inatetemeka" peke yake haisemi kama ni mota, waya au ESC.

Chomoa mota kutoka ESC. Zungusha kengele (lile ganda la nje lenye sumaku) kwa vidole, nyaya tatu zikiwa wazi. Unatakiwa kusikia mishtuko midogo inayolingana. Ikiwa nzito kama inazunguka kwenye asali, na nyaya hazigusani, kuna shoti ndani ya koili. Sasa gusanisha nyaya mbili mbili, jozi zote tatu, uzungushe tena. Uzito wa kila jozi uwe sawa. Jozi iliyo nyepesi ina njia mbovu.

Baada ya hapo pima ukinzani. Usitumie kipimo cha omu cha multimita, maana nyaya za multimita yenyewe zina omu nyingi kuliko mota. Chukua pawa saplai inayoweza kubana mkondo, iweke ampea 2 kamili, pitisha kwenye jozi moja ya nyaya, kisha weka multimita kwenye milivolti na uguse juu ya nyaya za mota zenyewe, si juu ya klipu. Omu 0.06 itakupa milivolti 120. Fanya jozi zote tatu haraka kabla shaba haijapata joto, kwa sababu ukinzani wa shaba unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila sentigredi moja. Tofauti ikizidi asilimia 5, kuna kitu.

Pima pia kati ya waya wowote na chuma cha steta (sehemu ya ndani isiyozunguka, yenye koili), multimita ikiwa kwenye megaomu 20. Isisome chochote. Ikisoma, varnishi imechubuka mahali. Sehemu moja ikigusa chuma mota inaweza kuendelea kama kawaida, ndiyo maana watu hawaioni. Ikigusa ya pili umeme unakata njia ya mkato na ESC inakufa nayo.

Cha mwisho ni sumaku. Shika shafti kwenye drili ya mezani yenye kasi unayoijua, steta uishikilie isizunguke, pima volti za AC kati ya nyaya mbili. Kv ni RPM gawa kwa (volti mara 1.414). Kwa drili ya RPM 1400 na mota ya Kv 1500 unatakiwa kuona volti 0.66. Ukiona 0.58, Kv imekuwa 1,700: sumaku zimepoteza nguvu kwa asilimia 12 hivi. Mota ya namna hiyo bila mzigo inakwenda kasi kuliko ilivyokuwa mpya, na mwenyewe anafurahi, kumbe torki imeondoka na ampea zimepanda. Neodimiamu ya daraja la kawaida inaanza kuharibika sentigredi 80. Ya H inavumilia 120, ya SH 150. Mota za bei nafuu mara nyingi hazisemi zina ipi, kwa hiyo hesabu 80.

Lete namba.

#6 Kombamwiko

Dada, nimepima yote.

Kwa ampea 2: nyeusi na nyekundu mV 135. Nyekundu na njano mV 136. Njano na nyeusi mV 180.
Kwenda chuma cha steta: haisomi kitu.
Drili RPM 1400: volti 0.65, 0.65, 0.66.
Kwa vidole nyaya zikiwa wazi ni nyepesi, hainati.

#7 DadaVolti

Safi sana, hizo namba zinaongea. Sumaku nzima, hakuna shoti. Tuisome ile 135, 136, 180.

Mota hii imefungwa delta (koili tatu zimeunganishwa ncha kwa ncha kama pembetatu). Waya wa kutokea mmoja ungekuwa mbovu, mfano mweusi, jozi zote mbili zenye mweusi zingepanda kwa kiasi sawa na ile ya tatu ingebaki 120. Wewe jozi moja imepanda sana, mbili zimepanda kidogo. Maana yake ugonjwa uko ndani ya koili moja, ile iliyo kati ya njano na nyeusi. Koili nzima hapa ni omu 0.09. Ukifikiri hiyo moja imekuwa 0.18, hesabu inarudi 180 na 135, 135 sawasawa. Ukinzani umekuwa mara mbili: nusu ya nyaya ndogo za koili hiyo hazijashika.

Fungua kengele, kata ganda la kusinyaa pale koili zinapokutana na waya wa njano, kisha wa mweusi. Tazama kwa lenzi. Mkia wa koili ni fungu la nyaya ndogo, labda nane, na kila mmoja umevaa varnishi yake. Uliopata lehemu vizuri unang'aa rangi ya fedha kuanzia ncha mpaka ndani. Usioshika unaonekana wa kahawia, umezungukwa na lehemu kama kijiti kilichokwama kwenye nta, ukiuvuta kwa kibano unachomoka. Kiwandani waliubana pamoja na wenzake, ukawa unagusa tu. Kipigo kimeulegeza. Ndiyo ile "krrr": ESC inasikiliza volti ya koili isiyo na umeme ili ijue rota (sehemu inayozunguka) iko wapi, na koili moja ikiwa dhaifu mapigo yanapishana, inapotezana na mota.

Kwangua kila waya peke yake kwa kisu au msasa 400 mpaka uone shaba nyekundu pande zote, mm 6 zinatosha. Paka flaksi, lehemu kila mmoja kwanza, ndipo uunganishe. Chuma cha kulehemu kiwe na ncha nene na sentigredi 400, maana shaba hiyo inanyonya joto. Usivute nyaya fupi. Zikikatika usawa wa steta umepoteza koili.

Lakini kabla ya kurudisha delta, subiri.

#8 DadaVolti

Nimetenganisha hii kwa sababu ndiyo tiba ya ugonjwa wa pili aliousema Mzee. Ukiwa umeshafungua mikia, unaweza kuifunga sta (ncha moja ya kila koili zikutane katikati) badala ya delta. Kv inagawanywa kwa 1.73: kutoka 1500 inakuwa 866. Diski itakwenda RPM 14,500 bila puli yoyote, ncha kilomita 356 kwa saa, nishati jouli 610 hivi, theluthi ya mwanzo. Joto nalo theluthi.

Namna: kila waya wa kutokea una mikia miwili ndani yake, mmoja ni mwanzo wa koili moja na mwingine ni mwisho wa koili nyingine. Tenganisha yote sita. Anza kwenye mweusi, chagua mkia mmoja uuite MWANZO wa koili ya kwanza, weka tepu. Tafuta kwa mlio wa multimita unatokea wapi. Tuseme unatokea kwenye nyekundu: huo ni MWISHO wa kwanza. Mkia uliobaki kwenye nyekundu ni MWANZO wa pili, utatokea kwenye njano. Uliobaki njano ni MWANZO wa tatu, utarudi kwenye mweusi. Unganisha MIISHO mitatu pamoja, funika, hiyo ndiyo kati ya sta na haiendi popote. MIANZO mitatu ndiyo inakwenda ESC. Ukichanganya mwanzo na mwisho wa koili hata moja, mota itatetemeka na kuchemka bila mzigo.

Jua unachopata na usichopata. Kwa torki ile ile ampea zinashuka hadi asilimia 58, kwa hiyo ESC na betri wanapumua. Joto la shaba kwa torki ile ile halibadiliki, maana shaba ni ile ile. Faida ya joto inatoka kwenye kasi ndogo ya mwisho.

#9 JuaKali254

Dada amesema vyema, ila mimi bado nasimama na mkanda. Sta inaokoa umeme, haiokoi shafti. Diski ikiwa imeshikwa na mota yenyewe, kila kipigo kinapita kwenye shafti ya mm 4, kinaingia kwenye beringi, kinapinda kengele. Mkanda wa mviringo wa poliyurethani ukigonga kitu unateleza kidogo, na huko kuteleza ndiko klachi yako. Kata mkanda mfupi kuliko njia yake kwa kama asilimia 8, yeyusha ncha mbili kwenye bamba la moto, zikandamize zikiwa zimenyooka, uache upoe kabisa kabla ya kuvuta. Mfereji wa puli uwe umbo la V ili mkanda ujibane wenyewe.

Kama huna nafasi ya mkanda, basi fanya haya. Shafti ya autrana (mota ambayo ganda la nje ndilo linalozunguka, kama hii) kwa kawaida imezuiwa na kilipu kidogo cha C. Kilipu hicho kinaruka siku ya kwanza. Weka kola ya chuma yenye skrubu, na mahali skrubu inapobana usage bapa kwa tupa, kina nusu milimita. Skrubu isiyo na kichwa kwenye shafti ya mviringo haikai, hata uimiminie gundi. Na gundi ya kufunga nati isiguse polikaboneti: inapasua.

Bora zaidi kuliko yote, toa shafti ya mota, pitisha bolti ya daraja la 12.9 katikati, iwe imefungwa pande zote mbili za fremu na haizunguki. Kengele na diski zinazunguka juu yake kwa beringi. Hapo mota inatoa torki tu, haibebi kipigo.

Na Kombamwiko, kabla hujafunga, kata kipande cha karatasi ya kawaida, kipitishe kati ya sumaku na steta huku ukizungusha. Nafasi hapo ni sehemu ya kumi mbili au tatu za milimita. Kikikwama upande mmoja tu, kengele imekuwa yai. Kengele ya alumini iliyopinda hainyooki vizuri. Hiyo ndiyo sehemu ya kununua.

#10 Bisbisi

Tukiwa hapo hapo, sumaku moja ikibanduka inarudishwaje?

#11 JuaKali254

Kwanza hakikisha haijapasuka. Yenye ufa itupe. Sugua sehemu yake kwenye kengele kwa msasa 240, safisha kwa asetoni, vile vile mgongo wa sumaku. Nguzo lazima zipishane: chukua sumaku nyingine ndogo, izungushe mbele ya sumaku zote, inapaswa kuvutwa, kusukumwa, kuvutwa, kusukumwa bila kurudia. Ukiigeuza moja, mota ya sumaku 14 inakuwa takataka. Nafasi kati ya sumaku igawe kwa vijiti vya meno. Tumia epoksi ya kuchelewa inayovumilia joto, ya saa 24. Ya dakika tano inalainika mota ikipata moto. Gundi iliyovimba ndani ikwangue, maana itasugua steta.

Kwa autrana kasi inaisukuma sumaku kuelekea ganda, kwa hiyo kinachoibandua ni ganda kupinda. Ukiona sumaku ya pili inabanduka upande ule ule, acha gundi, tazama ganda.

#12 MzeeWaKoili

Tumesahau matairi. Kombamwiko, jibu hili: ikirudi nyuma, upande wa kushoto bado ndio mzito, au umekuwa mwepesi?

#13 Kombamwiko

Ikirudi nyuma kushoto ndiyo inakuwa na kasi zaidi.

#14 MzeeWaKoili

Basi mota zako si mbovu. Upande ungekuwa mzito kote kote ningesema giaboksi, tairi linalosugua au kaboni zilizoisha. Ukibadilika na mwelekeo ni pembe ya kaboni. Mota zilizoundwa kwa kazi ya upande mmoja, hasa za drili, kaboni zake huwekwa pembeni kidogo ya katikati ili ziwe na nguvu zikizunguka kulia. Kwenye roboti mota moja inatazama huku, nyingine kule. Ya kushoto inazunguka kinyume na alivyokusudia aliyeiunda.

Iondoe kwenye giaboksi, iendeshe bila mzigo kwa volti 6, soma ampea kulia na kushoto. Zikitofautiana, inua masikio ya chuma yanayoshika kifuniko cha nyuma, kizungushe kidogo kidogo, milimita moja kwa mara, mpaka ampea za pande zote zilingane. Bana masikio tena. Unapoteza nguvu kidogo upande mmoja, unapata roboti inayokwenda ilikotumwa. Mzigo wa kuirekebisha kwa rimoti ni mdogo pia, lakini kwa rimoti utafidia mbele na kuharibu nyuma.

Ukiwa umefungua, angalia haya kwa macho. Komyuteta (vipande vya shaba ambavyo kaboni zinavisugua) yenye rangi ya kahawia inayong'aa ni nzima, usiiguse. Nyeusi yenye mashimo imepiga cheche: ing'arishe kwa msasa 1000, kisha chokoa mifereji kati ya vipande kwa ncha ya kisu, kwa sababu unga wa kaboni na shaba ukijaa hapo unaunganisha vipande. Mota ya vipande vitatu, pima kipande kwa kipande kwa njia ile ya DadaVolti; vitatu visome sawa. Halafu tazama vile vibamba vya shaba vinavyosukuma kaboni. Vikishapata moto mkali vinakuwa laini, ukivibonyeza haviruki kurudi. Kaboni ndefu juu ya kibamba kilicholegea ni mota iliyokufa, na wengi hubadilisha kaboni wakaacha kibamba.

Sumaku za hizi ni feraiti. Mkondo mkubwa wa kukwama ndio unaozipunguza. Mota ya volti 12 ukiilisha 16.8, wati za kukwama zinakaribia mara mbili. Kwa hiyo panga gia ili tairi liteleze kabla mota haijakwama. Roboti ya kilo 1.36 ina uzito wa nyutoni 13.3; mpira kwenye sakafu safi chukua 0.8, ni nyutoni 10.7, kila upande 5.3. Kwa tairi la nusu-kipenyo mm 25 hiyo ni 0.133 Nm. Giaboksi yako ikwame kwa mara mbili ya hapo au zaidi, 0.27 Nm, kwa sababu kuna wakati mpinzani atakulalia na uzito wake wote ukabanwa ukutani.

Kapasita ya 104 (mikrofaradi 0.1) kati ya vituo viwili vya kila mota, kwa ajili ya kelele za redio. Basi.

#15 Bisbisi

Na kama koili ya brashlesi imeungua kweli, nyeusi tii, fundi wa kusuka mota za pampu anaweza kuisuka?

#16 DadaVolti

Mkono anao, na waya utaupata kwake kwa gramu. Muulize daraja la joto, chukua 180 au zaidi. Ramani ya koili ndiyo tofauti, na nafasi ni ndogo mno kwa mikono iliyozoea steta za pampu.

Kwa steta ya meno 12 na sumaku 14, ramani ni AabBCcaABbcC: herufi kubwa unazungusha kulia, ndogo kushoto, jino kwa jino ukizunguka steta. Hesabu mizunguko ya jino moja kabla hujabomoa kitu na upige picha. Mizunguko na Kv vinakwenda kinyume: 8 ikitoa 1500, 12 itatoa 1000. Usichome steta kwa moto ili waya utoke; bamba zake zimetenganishwa na rangi nyembamba, ikiungua chuma chenyewe kinaanza kuchemka. Kata waya upande mmoja, vuta kwa plaizi. Kona za meno ndizo zinazochubua varnishi mpya, zifunike kwa tepu ya Kapton au epoksi nyembamba. Baada ya kila koili pima kwenda kwenye chuma. Ukisubiri mpaka ya kumi na mbili ndipo upime, utafumua zote.

#17 Kombamwiko

Wakuu, mikia minne kati ya nane ilikuwa ya kahawia kama Dada alivyosema, upande wa njano. Nimekwangua yote na kufunga sta. Kwa ampea 2: mV 360, 362, 359. Drili RPM 1400: volti 1.13 jozi zote. Karatasi inapita mzunguko mzima. ESC niiweke vipi?

#18 DadaVolti

Koili mbili za 0.09 mfululizo ni 0.18, mara ampea 2 ni 360. Umefunga sawasawa, na Kv inasoma kama 876.

Kwenye AM32 au BLHeli_S (programu za ndani ya ESC): nguvu ya kuanzia iwe ndogo kwanza, upandishe mpaka diski ianze bila kusita. Taimingi ya kati, nyuzi 15 hadi 22. Kwenye BLHeli_S, kinga ya demagi iwe juu, hiyo inasaidia kuzuia ESC na mota kupotezana baada ya kipigo. Breki ya ghafla usiiwashe, inarudisha volti kwenye nyaya. Ila hakikisha diski inasimama ndani ya sekunde 60 umeme ukikatwa, mashindano mengi yanadai hivyo. Nyaya za betri zikiwa ndefu weka kapasita ya mikrofaradi 470, volti 35, karibu na ESC.

Washa kwanza bila diski. Mota ikizunguka vizuri bila kusita, izime, weka diski, funga roboti ndani ya boksi la polikaboneti, wewe uwe nje yake. Iendeshe sekunde 20, kata umeme kwa rimoti, subiri diski isimame, ndipo utoe pini ya betri, pima steta kwa kipimajoto cha miale ukilenga shaba, si ganda. Ikiwa chini ya 60 ongeza sekunde. Ikiwa juu ya 80, usiongeze chochote, rudi kwa JuaKali ukamsikilize habari ya mkanda.